Mashine Ikilia, Nani Atakwenda?

Mwanamke wa Paje akishikwa na uchungu usiku wa manane, safari yake inaweza kuishia mahali kadhaa. Anaweza kufika kituo cha afya cha jirani na mambo yakaenda salama. Anaweza kupelekwa Makunduchi kwa njia ya Jambiani, au akapandishwa gari mpaka hospitali ya wilaya ya Kitogani. Na ikiwa uchungu umekwama, au damu inatoka, au mtoto ameanza kuchoka, gari ya wagonjwa itaipita Kitogani, itakata msitu wa Jozani na kuendelea mpaka Mnazi Mmoja mjini, mwendo wa kama kilomita 50 kutoka Paje. Popote atakapofikia, lazima awepo mtu wa kuuliza swali moja, tena na tena, mpaka mtoto atoke: moyo wake unapigaje?

Siku hizi swali hilo lina soko lake. Kuna mikanda ya kumfunga mama tumboni inayohesabu mapigo ya moyo wa mtoto bila kupumzika, kuna programu za kompyuta zinazosoma michoro ya mapigo na kupiga kengele, na kuna akili bandia inayofundishwa kutambua mtoto aliye hatarini kabla binadamu hajashtuka. Serikali za nchi tajiri zimeanza zamani kuvilipia vitu hivi, na wizara za afya za kwetu nazo zinaonyeshwa na kuombwa zinunue. Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Fedha za umma zitolewe, tena nyingi kuliko zinazotolewa sasa, lakini zipimwe kwa kitu kimoja: dakika zinazopita tangu moyo wa mtoto unapobadilika mpaka mtoto anapotolewa akiwa hai. Kifaa kisichofupisha dakika hizo hakijaokoa mtu, hata kiwe na akili kiasi gani.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Akiwa tumboni hapumui hewa. Oksijeni yake yote huipata kwenye damu ya mama, kupitia kondo la nyuma na kitovu. Mfuko wa uzazi unapokaza, mishipa inayolisha kondo hubanwa, na kwa muda wa karibu dakika moja mtoto huishi kwa akiba yake. Uchungu ukiachia, damu hurudi na akiba hujazwa upya. Ni kama mzamiaji wa pweza anayekaa chini kwa pumzi moja: ataweza kuzama mara nyingi sana, mradi kila akiibuka apate muda wa kutosha wa kuvuta hewa. Mtoto mwenye afya na kondo zuri huvumilia hali hiyo kwa saa nyingi bila madhara. Shida huja pale uchungu unapofuatana bila nafasi, au unapovuka kiasi, au kondo lilikuwa limedhoofika tangu mwanzo kwa sababu ya shinikizo la damu la ujauzito, au kitovu kimebanwa. Hapo moyo hutoa habari. Kwa kawaida hupiga kati ya mara 110 na 160 kwa dakika. Mtoto anayeishiwa akiba, moyo wake huanza kupungua kasi uchungu unapofika kileleni, na hukawia kurudi uchungu ukishaachia. Baadaye hata katikati ya mapumziko haurudi vizuri.

Kwa hiyo mkunga anayeijua kazi yake hasikilizi wakati wowote tu. Husikiliza mara uchungu unapoachia, kwa dakika nzima, huku vidole vya mkono mwingine viko kwenye mshipa wa mama. Hilo la kumshika mama lina sababu nzito. Moyo wa mama aliye katika uchungu unaweza kwenda mbio hadi 120 au 130, na sikio, au hata mashine, ikaudhania ni wa mtoto. Kuna watoto waliokwisha kufa tumboni huku kifaa kikionyesha namba nzuri, kumbe ni mapigo ya mama.

Vyombo vya kusikilizia si vingi. Cha zamani kuliko vyote ni ile pembe ambayo daktari Mfaransa Adolphe Pinard aliieneza mwaka 1895, na wakunga wetu wanaiita fetoskopu. Haina betri, haiharibiki, na ikiangukia mikononi mwa mzoefu inatosha kabisa. Kuna doppla ya mkononi, inayotumia mawimbi ya sauti na kumwezesha hata mama kusikia. Kuna mashine kubwa inayochora mapigo na uchungu kwenye karatasi ndefu, ambayo kwa kifupi huitwa CTG. Na sasa ipo mikanda kama Moyo, iliyobuniwa na kampuni ya Laerdal Global Health ya Norway kwa kufanyiwa kazi na majaribio hapa Tanzania: inafungwa tumboni, inahesabu mfululizo, inapiga kengele mapigo yakitoka nje ya kiwango, na ina mahali pa mama kuweka vidole ili mapigo yake yasichanganywe na ya mtoto. Hata Makerere, mwaka 2012, wanafunzi walibuni WinSenga, programu ya simu iliyounganishwa na pembe ileile ya Pinard. Ubunifu wa nyumbani haujakosekana.

Shirika la Afya Duniani linaelekeza moyo wa mtoto usikilizwe kila baada ya dakika 15 hadi 30 uchungu unapokuwa umekolea, na kila dakika 5 mama anapoanza kusukuma. Fanya hesabu. Kumwendea mama, kumweka vizuri, kuitafuta sehemu mapigo yanaposikika, kungoja uchungu uachie, kusikiliza dakika nzima na kuandika kwenye patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu: hata kwa mtu mwepesi, hiyo ni dakika 5. Mkunga mwenye wanawake sita amemaliza nusu saa yake nzima kwa kusikiliza tu, na sasa inambidi aanze tena na yule wa kwanza. Hajapima shinikizo la damu la mtu. Hajabadilisha dripu, hajampa mama maji, hajazungumza na mtu aliyemleta mgonjwa. Na akitokea mmoja kati ya hao sita aanze kusukuma, watano wengine wamebaki peke yao. Nalisisitiza hili kwa sababu mkunga hulaumiwa kwa uvivu pale ambapo hesabu yenyewe ilikuwa imeshamshinda kabla hajavaa glavu.

Mnazi Mmoja jambo hili limepimwa, na Zanzibar haina haja ya kwenda kuazima ushahidi mbali. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2014, watafiti wa mradi wa PartoMa, wakiongozwa na daktari Nanna Maaløe wa Chuo Kikuu cha Copenhagen pamoja na madaktari na wakunga wa hospitali yenyewe, walichunguza kilichokuwa kikitokea katika wodi iliyokuwa ikizalisha zaidi ya watoto 10,000 kwa mwaka. Katika kipindi cha kwanza, watoto 59 katika kila 1,000 walizaliwa wakiwa wamekufa. Ni kweli Mnazi Mmoja ni hospitali ya rufaa, na wengi hufika hapo hali ikiwa imeharibika tayari. Lakini kulikuwa na watoto ambao moyo wao ulisikika mama alipopokelewa, kisha wakafia ndani ya hospitali. Muda wa kati tangu moyo wa mtoto uliposikilizwa kwa mara ya mwisho mpaka kuzaliwa kwake ulikuwa dakika 120. Saa mbili. Ukirudi kwenye habari ya mzamiaji, utaelewa ni mangapi yanaweza kutokea ndani ya saa mbili bila mtu kujua.

Walichofanya kilikuwa cha bei nafuu sana. Walikaa na wahudumu wa wodi hiyo na kuandika kijitabu cha mfukoni chenye kurasa 8, chenye mwongozo unaowezekana kufuatwa na watu wachache katika wodi iliyojaa. Miongozo ya kimataifa imeandikwa kana kwamba kila mama ana mkunga wake; kijitabu hiki kilianzia kwenye hali halisi. Kisha kila baada ya miezi kadhaa kukawa na semina fupi, nje ya saa za kazi, za kujadili visa na kukumbushana. Baada ya mwaka mmoja, vizazi mfu vilishuka kutoka 59 hadi 39 kwa kila 1,000. Watoto waliozaliwa wamechoka sana, wenye alama ndogo za Apgar, kipimo cha hali ya mtoto mara anapozaliwa, walipungua karibu nusu, kutoka 52 hadi 28 kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Zile dakika 120 zikawa 74.

Kuna badiliko jingine ambalo kwangu lina uzito kuliko linavyopewa. Wanawake walioongezewa uchungu kwa oksitosini walipungua kutoka asilimia 22 hadi 12. Dripu hiyo ni dawa nzuri penye sababu, lakini ikiachwa ikienda bila macho, hukaza mfuko wa uzazi mara kwa mara mpaka mtoto akakosa nafasi ya kurudisha akiba yake. Wodi inayosikiliza kila baada ya saa mbili na wakati huohuo inaongeza uchungu, inawatia watoto hatarini kwa mkono wake yenyewe. Kwa hiyo sehemu ya mafanikio ya Mnazi Mmoja ilitokana na kuacha kufanya jambo, na hakuna kampuni itakayokuuzia kuacha.

Sitaki kuikuza hadithi hii kupita kiasi. Vizazi mfu 39 kwa kila 1,000 bado ni vingi mno, na lengo ambalo dunia imejiwekea kwa mwaka 2030 ni kila nchi isizidi 12. Dakika 74 nazo ni zaidi ya mara mbili ya nusu saa inayoelekezwa. Kijitabu na semina vilifika mahali na vikagota, kwa kuwa idadi ya mikono ilibaki ileile. Hapo ndipo hoja ya vifaa vya kisasa inapopata nguvu yake halali: kama mkunga hawezi kuwa kwa wanawake sita kwa pamoja, kwa nini tusiweke kifaa kimsikilizie?

Ushahidi wa hoja hiyo una pande mbili, na inafaa tuupitie bila haraka.

Mwaka 1994 yalichapishwa matokeo ya jaribio la Harare, Zimbabwe, lililolinganisha pembe, doppla na mashine ya kuchora. Doppla iligundua watoto wengi zaidi wenye mapigo mabaya kuliko pembe ilivyotumiwa kwa kawaida wodini. Miaka 20 baadaye, Kampala, doppla ya kuzungushwa kwa mkono isiyohitaji umeme ililinganishwa na pembe kwa wanawake karibu 2,000. Iligundua zaidi, lakini vifo na hali za watoto havikutofautiana. Haydom, mkoani Manyara, mkanda wa Moyo ulilinganishwa na fetoskopu: nao uligundua mapigo mabaya kwa wanawake wengi zaidi, na kwa mara nyingine matokeo ya mwisho ya watoto hayakupishana kwa kiasi cha kujivunia. Ukiyasoma yote haya kwa pamoja, unaona kwamba kusikia kumeboreka. Kilichobaki palepale ni yale yanayofuata baada ya kusikia.

Wenzetu wenye fedha nao wamepitia njia hii. Uingereza ilitumia fedha za serikali, kupitia taasisi yake ya taifa ya utafiti wa afya, kulipia jaribio lililoitwa INFANT. Kati ya mwaka 2010 na 2013, wanawake zaidi ya 46,000 katika hospitali 24 za Uingereza na Ireland waligawanywa makundi mawili. Wote walifungwa mashine ya CTG. Kundi moja liliongezewa programu iliyosoma mchoro na kuwatahadharisha wakunga kwa rangi, mpaka nyekundu. Matokeo yalitoka mwaka 2017: watoto waliopata madhara makubwa walikuwa asilimia 0.7 katika makundi yote mawili. Hakukuwa na faida. Na hizi ni hospitali ambazo chumba cha upasuaji kiko mlango wa pili na mtaalamu wa usingizi yuko zamu. Mimi siitazami fedha hiyo kama iliyopotea. Serikali ilinunua jibu kabla ya kununua mashine kwa kila hospitali, na huo ndio mpangilio sahihi.

Hata CTG yenyewe, bila akili bandia, ukusanyaji wa majaribio yaliyohusisha wanawake zaidi ya 37,000 umeonyesha kwamba ikilinganishwa na kusikiliza kwa vipindi, inapunguza degedege la watoto wachanga kwa nusu, haipunguzi vifo kwa namna inayoonekana, na inaongeza operesheni. Kwa mwanamke wa Kusini Unguja anayetarajia kuzaa mara nne au tano, kovu kwenye mfuko wa uzazi si jambo dogo. Mimba inayofuata inakuja na hatari ya kovu kuachia wakati wa uchungu, au kondo kujishikiza mahali pabaya. Kengele inayolia bila sababu, katika wodi yenye watu wachache, ina njia mbili tu: ama mama anapasuliwa bure, ama wahudumu wanaizoea na kuacha kuisikia. Njia zote mbili zinamgharimu mama.

Upande wa pili upo Malawi. Katika kituo cha afya cha Area 25 mjini Lilongwe, programu ya akili bandia ya kampuni ya PeriGen ililetwa kwa ushirikiano na hospitali ya Texas Children's ya Marekani. Mwishoni mwa mwaka 2024 ilitangazwa kwamba katika miaka mitatu vizazi mfu na vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa asilimia 82. Ni namba ya kufurahisha, na natamani iwe kweli kila mahali. Lakini ni ulinganisho wa kabla na baada ya kituo kimoja, chenye washirika wa kigeni walio pale kwa muda mrefu. Kiasi gani kimeletwa na programu, na kiasi gani na watu, mafunzo na ufuatiliaji uliokuja nayo, namba hiyo peke yake haiwezi kusema. Ninachokiona Lilongwe ni kwamba kengele ilipolia, palikuwa na mtu wa kwenda.

Tanzania Bara ina jibu lililo kamili zaidi. Mpango wa kifurushi cha uzazi salama, uliosimamiwa na hospitali ya Haydom pamoja na serikali, uliingia katika vituo 30 vya mikoa ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Mkanda wa Moyo ulikuwamo ndani ya kifurushi. Lakini vilikuwamo pia mfuko ulioboreshwa wa kumpulizia hewa mtoto asiyelia, kifaa cha kupima mapigo yake akishazaliwa, midoli ya kufanyia mazoezi ya kuzuia damu na kumhuisha mtoto, mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale wodini, na wahudumu wa kituo chenyewe waliopewa kazi ya kuwaongoza wenzao kwa kutumia takwimu zao wenyewe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 katika jarida la New England Journal of Medicine, yakihusisha akina mama zaidi ya 280,000, yalionyesha kwamba vifo vya watoto, wakiwamo waliozaliwa wafu na waliofariki ndani ya saa 24, vilishuka kutoka 15.3 hadi 12.5 kwa kila vizazi 1,000. Vifo vya akina mama vilishuka kwa kiasi kikubwa zaidi, karibu robo tatu. Matokeo hayakulingana mkoa kwa mkoa, jambo linaloonyesha tena kwamba vifaa vilevile huzaa mambo tofauti mikononi mwa watu na uongozi tofauti. Fedha zilitoka kwa wafadhili, wakiwamo mfuko wa GFF ulio chini ya Benki ya Dunia na serikali ya Norway, kisha serikali yetu ikaanza kuueneza mpango huo kwenye vituo vingine zaidi ya 100.

Hapa msomaji wa Unguja asimame kidogo. Mikoa ile mitano iko Bara. Afya si jambo la Muungano: Zanzibar ina wizara yake, bajeti yake na Baraza lake la Wawakilishi la kuipitisha. Kinachoenezwa na Dodoma hakivuki bahari chenyewe. Kitavuka ikiwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar itakiandikia kifungu.

Na fedha zikipatikana, Zanzibar imeonyesha kwamba inaweza kujenga. Mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa wa mwaka 2021 wa kukabili athari za UVIKO-19 uliiletea Zanzibar shilingi bilioni 230, na sehemu yake ikajenga hospitali kumi za wilaya pamoja na hospitali ya mkoa ya Lumumba. Kitogani ni mojawapo ya hizo kumi, na kwa watu wa Paje, Bwejuu na Jambiani hilo ni badiliko la maisha: mahali ambapo operesheni inatarajiwa kufanyika hapahapa wilayani, upande huu wa Jozani. Lakini jengo na mashine huzinduliwa kwa utepe mara moja. Mkunga wa zamu ya usiku hulipwa kila mwezi, milele. Bajeti za maendeleo hupata wafadhili kwa urahisi, ila hakuna balozi anayekuja kupiga picha akikabidhi jeli ya doppla, karatasi za CTG, betri, mkanda wa akiba au mshahara wa fundi wa vifaa tiba. Mashine ya mamilioni hulala kabatini kwa kukosa karatasi. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, nchi nyingi za Afrika ziligundua ndani ya wiki chache ni huduma zipi zilizokuwa zikisimama kwa miguu ya watu wengine. Kusikiliza moyo wa mtoto anayezaliwa kusiwe katika orodha hiyo.

Kwa hiyo ningependa kifungu hicho cha bajeti kiandikwe kwa namna hii. Kwanza doppla za mkononi, za kutosha, kila chumba cha kujifungulia kuanzia Paje mpaka Mnazi Mmoja, pamoja na betri na jeli za mwaka mzima zikipitia Bohari Kuu ya Dawa kama zinavyopita dawa. Wakunga waajiriwe kwa kufuata idadi ya wanawake walio katika uchungu kwa wakati mmoja, maana hesabu ya dakika 5 kwa wanawake sita haiwezi kudanganywa. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) kinawafundisha vijana wa uuguzi na ukunga. Wasiachwe mitaani wakingoja ajira huku mwenzao mmoja anahangaika na wodi nzima. Mazoezi ya mtindo wa PartoMa na ya Bara yalipiwe kama sehemu ya kazi, ndani ya zamu, na yasitegemee moyo wa kujitolea. Mikanda ya mfululizo kama Moyo iwekwe hospitali za wilaya na Mnazi Mmoja, kwa akina mama walio katika hatari: wenye shinikizo, waliopasuliwa zamani, walio kwenye oksitosini, wenye maji ya uzazi ya kijani. Na programu za akili bandia zije baada ya hapo, kwa masharti: zijaribiwe kwanza kwa akina mama wa hapa, kampuni ioneshe ilijifunza kwa michoro ya watoto wa wapi, takwimu za wanawake wetu zibaki chini ya Wizara, na mkataba utaje gharama za miaka mitano, si bei ya siku ya kwanza.

Kuna jambo la teknolojia ambalo Zanzibar imelifanya vizuri na tunalisahau tukiona vitu vipya. Mwaka 2009 na 2010, utafiti uliofanyika katika vituo 24 vya afya ya msingi uliwaunganisha wajawazito na wakunga wao kwa simu za kawaida: ujumbe mfupi, na vocha ya kupiga ukipata shida. Katika vituo vilivyotumia simu, vifo vya watoto karibu na wakati wa kuzaliwa vilikuwa 19 kwa kila 1,000. Katika vile visivyotumia vilikuwa 36. Leo wahudumu wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wanatembea Unguja na Pemba nzima wakiwa na simu zenye kumbukumbu za kila mjamzito. Mama wa Paje mwenye dalili za hatari anaweza kujulikana wiki kadhaa kabla, na Kitogani ikapewa habari kabla gari haijawashwa. Kwa dakika ninazozizungumzia, simu hiyo ina thamani kubwa kuliko kengele yoyote ya wodini.

Na mama mwenyewe asiachwe nje ya mazungumzo. Watafiti waliozungumza na wanawake waliofungwa mkanda wa Moyo pale Muhimbili walikuta kwamba wengi walipata faraja kubwa kuusikia moyo wa mtoto wao. Wengine hawakuwa wameelezwa vya kutosha kifaa ni cha nini. Huyu ndiye mtu pekee asiyeondoka kitandani. Akielezwa kwa lugha yake kwamba namba ikishuka chini ya 110 aite, na ikiwa mamake au shangazi aliyemsindikiza anaruhusiwa kukaa naye, tumepata macho mawili zaidi bila kuongeza mshahara. Wodi zinazofukuza wasindikizaji zinafukuza wasaidizi.

Mwakilishi atakayesimama barazani kuijadili bajeti ya afya anaweza kuuliza mambo matatu, na kila moja lina jibu la namba. Kitogani, saa nane za usiku, zinapita dakika ngapi tangu daktari aamue operesheni mpaka mtoto atoke? Mtaalamu wa usingizi analala wapi? Damu iko kwenye jokofu, au inafuatwa mjini? Ikiwa jibu la swali la kwanza ni dakika 30, mkanda wa kisasa utaokoa watoto wa Paje kuanzia mwezi utakaofungwa. Ikiwa ni saa tatu, mkanda utamwambia mkunga mapema kwamba mtoto anakufa, naye atakaa hapo akimsikiliza.

Ili namba hizo zipatikane, inatosha Makunduchi, Kitogani na Mnazi Mmoja kuandika nyakati tatu katika faili la kila mama: moyo uliposikilizwa mara ya mwisho, uamuzi wa kumtoa mtoto ulipofanyika, na mtoto alipozaliwa. Kalamu ipo na karatasi ipo. Takwimu za mwaka mmoja zipelekwe barazani pamoja na ombi la kununua mashine, na ziwekwe juu yake.